La zamani linunue mjini, jipya liagize

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: msomaji mwenye fedha ya gari moja tu la starehe, achukue la kifahari la zamani, milango miwili na injini kubwa, au la miaka ya karibuni lenye injini ndogo? Jibu langu linategemea gari liko wapi siku unapolilipia. Likiwa bado Japani, chukua la karibuni. Likiwa tayari lina namba za Tanzania na limelala ndani ya geti la mtu Mbezi Beach, la zamani linaweza kuwa na faida kuliko unavyodhani.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, kwa hiyo magari nayajua kwanza kwa makaratasi yake. Mteja wa namna hii huja na simu mkononi. Kwenye kioo kuna BMW 645Ci ya 2004, rangi ya fedha, viti vya ngozi, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4.4, na bei inayomfanya mtu aulize kama kuna sifuri iliyosahaulika. Chini kidogo kuna Mercedes-Benz C 180 Coupe ambayo haijafikisha miaka minane, kwa bei mara mbili ya hiyo. Huwa wanaona nimerogwa nikiwaambia waiangalie hii ya pili.

Bei ya ile ya kwanza ina sababu, na sababu yenyewe iko Japani. Huko kodi ya gari ya kila mwaka hupangwa kwa ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi hiyo huongezwa kwa kama asilimia 15. Kuna pia ukaguzi wa lazima wanaouita shaken, ambao ukishapita ule wa kwanza wa miaka mitatu hurudi kila baada ya miaka miwili. Mwenye V8 kuukuu akijumlisha kodi, ukaguzi unaokuja na matengenezo ya kulipitisha, anaona heri alipeleke mnadani. Wewe Sinza unafurahia punguzo, kumbe yeye amekukabidhi bili yake.

Na huku kuna bili nyingine. Kwa viwango ninavyovitumia kazini (fuatilia bajeti kila Juni, maana hubadilika), ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi hapa. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000, asilimia 10 ikizidi cc 2000. Halafu uchakavu, yaani kodi ya umri wa gari. Gari la miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15, likizidi kumi linaongezewa asilimia 30. Mwisho VAT ya asilimia 18, na hiyo inapigwa juu ya jumla ya vyote, pamoja na kodi zilizotangulia.

Tuseme 645Ci imefika kwa dola 8,000. Ushuru wa forodha ni dola 2,000, ushuru wa bidhaa 1,000, uchakavu 3,000, VAT 2,520. Jumla dola 8,520, yaani umelipa kodi kuliko ulivyolipia gari. Sasa tuseme ile C 180 imefika kwa dola 16,000. Injini yake ni ya lita 1.6 yenye tabo, kwa hiyo inaingia kwenye kundi la asilimia 5, na haina uchakavu. Ushuru wa forodha 4,000, wa bidhaa 1,000, VAT 3,780. Jumla dola 8,780. Gari la bei mara mbili limezidi kwa kodi ya dola 260 tu! Hapo sijaingiza tozo ndogo kama ile ya reli, wala gharama za bandari, ambazo haziangalii sana gari lako ni la mwaka gani.

Utasema hata hivyo la zamani limebaki na nafuu ya zaidi ya dola 8,000 kwa jumla. Kweli. Lakini siku ya kuliuza mnunuzi hakurudishii uchakavu uliolipa, na gari la aina hiyo wanunuzi wake mjini ni wachache. Ile C 180 nusu yake na zaidi ni gari. Ile nyingine nusu yake na zaidi ni risiti.

Wajanja hutafuta 645Ci ya dola 3,000 wakiamini kodi nayo itashuka. Haishuki hivyo. TRA ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, kwa aina, modeli na mwaka, na ankara yako ya bei ya kutupa haiwalazimishi. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata senti. Jambo jingine linalowaumiza watu ni mwaka. Tangazo huwa na mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na kinachohesabiwa huku ni ule wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka na kusajiliwa mwaka uliofuata linaweza kukudondosha upande usioutaka wa miaka minane. Wenzetu Kenya walilimaliza hili kwa kuyakataa kabisa magari yaliyozidi miaka minane. Sisi tunayapokea.

Chini ya miaka minane kuna faida nyingine isiyohusu kodi. Chukua mpinzani wa C 180, yaani BMW 420i. Zile za mwanzo, kuanzia 2013, zina injini ya N20, ambayo plastiki za kuongozea cheni ya taimingi zinajulikana kwa kukatika na kuangusha injini nzima. Kufikia 2016 BMW walikuwa wameingiza injini mpya, B48. Anayekwepa uchakavu leo anajikuta ameikwepa na N20.

Hilo ndilo la kuagiza. Sasa la mjini, ambalo kwangu ndilo tamu.

Magari haya yapo. Yaliingizwa na watu waliotaka kitu cha Jumapili, kuvuka daraja la Tanzanite jioni na kurudi nyumbani. Kodi zote alilipa mwenye mali, uchakavu ukiwemo, na sasa watoto wameongezeka, gari lina viti viwili vya nyuma ambavyo hata mkoba unalalamika, na mama watoto ameshasema neno la mwisho. Muuzaji wa namna hii hana foleni ya wateja. Ukiwa na fedha taslimu na uvumilivu wa wiki chache, bei itakufuata. Yule aliyeagiza mwenyewe amelipa dola 8,520 za serikali, wewe hizo unazipata zikiwa zimepozwa na mtu mwingine.

Ila usilinunue kwa macho. Ile V8 ya 645Ci, N62, ina magonjwa mawili yanayojulikana dunia nzima. La kwanza ni sili za valvu. Zikizeeka, oili hupenya ndani gari likiwa sailensa (limesimama, injini inanguruma) kwa muda mrefu, kisha ukikanyaga mafuta unatoka moshi wa bluu. Foleni ya Dar ni mashine ya kupimia jambo hili, tena bure. Mwambie muuzaji mwende Mwenge saa kumi na moja jioni, mpite Sam Nujoma hadi Ubungo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Msimame kama watu wote wanavyosimama. Foleni ikifunguka kanyaga, na uwe umemwacha rafiki nyuma kwenye bajaji akiangalia bomba la moshi. Muuzaji anayekataa foleni na kutaka mkutane saa mbili asubuhi Jumapili pale Masaki, barabara tupu, amekujibu.

La pili ni paipu ya maji inayopita katikati ya injini, kwenye bonde kati ya safu mbili za silinda. Sili yake ya mbele ikichoka maji huanza kuvuja polepole pale mbele, na kwa njia ya kiwandani kuifikia ni kubomoa sehemu kubwa ya mbele ya injini. Kuna paipu mbadala inayorefuka ambayo hupunguza kazi, lakini fundi awe anaijua. Ukiambiwa "linapungukiwa maji kidogo tu, unaongeza", shusha bei nyingi au aga. Kwa joto letu, injini ya V8 iliyopungukiwa maji kwenye foleni ya Morogoro Road haitakupa onyo mara mbili.

Uliza pia oili ya giaboksi. BMW walisema haibadilishwi maisha yote ya gari. ZF, waliolitengeneza giaboksi lenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Mwenye gari akikujibu kwamba fundi wake aliibadilisha na filta yake pamoja na sampu, muulize jina la fundi huyo kabla ya kuuliza bei. Kwa gari la aina hii fundi ni nusu ya mali.

Bodi ndiyo inayowaponza zaidi walionunua lililogongwa. Mbele ya 645Ci kumetengenezwa kwa alumini, mafenda ya mbele ni ya plastiki, na mlango wa buti si wa chuma. Mafundi wetu wa bodi Gerezani wananyoosha Noah hadi usahau ajali, lakini nyundo na gesi yao havipatani na alumini. Angalia nafasi kati ya boneti na fenda pande zote mbili. Angalia boliti za boneti kama zimeguswa na spana. Na kama gari limeishi Msasani au Kigamboni karibu na maji, ingia uvunguni na tochi, maana chumvi haisubiri lifike miaka ishirini.

Spea sizungumzii sana. Oili, pedi na filta utapata. Kioo cha pembeni ni habari nyingine. Wezi wa vioo hapa hawachagui modeli, ndiyo maana tunaandika namba za gari kwenye vioo. Cha IST kikiibwa asubuhi, mchana unakipata Shaurimoyo, pengine kilekile. Cha 645Ci utasubiri kije na mzigo wa Dubai, huku ukiendesha umegeuza shingo. Matairi nayo: yenye rimu za inchi 19 mara nyingi mbele ni 245/40 na nyuma 275/35, kwa hiyo hata kuzungusha mbele na nyuma huwezi.

Asiyetaka ujerumani wa aina hii lakini bado anataka la zamani, atafute Lexus SC 430. Injini yake, 3UZ, ni ileile ya Toyota Celsior na Crown Majesta, fundi wa Toyota haiogopi, akumbuke tu mkanda wa taimingi. Paa lake la kukunja ndilo la kukagua kwa utulivu. Lifunguliwe na kufungwa mbele yako zaidi ya mara moja.

Na jipya lisisifiwe kupita kiasi. C 180 iko chini, na matuta yetu hayakupimwa na mtu aliyewahi kuiona. Masika ikija, barabara za ndani za Mikocheni huwezi kuzijaribu. Skrini itakusalimia Kijapani, na redio imefungiwa masafa ya huko ambayo hayafiki 100, ilhali stesheni zetu zinaenda hadi 108. Kulibadilisha hilo kunataka fundi wa kompyuta, na wapo wanaoweza na wapo wanaobahatisha. Kabla ya kuagiza dai karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, na ukiona R, gari lilishatengenezwa baada ya ajali. Mpe anayesoma Kijapani akusomee maelezo ya pembeni, kwa sababu mkwaruzo na kutu huandikwa hapo, na tafsiri ya muuzaji huwa fupi ajabu.

Mnaweza kuuliza mwendo. Mjini mwisho wa sheria ni kilometa 50 kwa saa, na Bagamoyo Road trafiki wana tochi zao. Farasi wale 330 wa 645Ci utawalisha, hutawakimbiza.

Kama fedha ni ile ya C 180 na kodi zake, dola 24,780, na gari ndilo pekee utakaloendea kazini, naagiza C 180 Coupe isiyozidi miaka saba ya kutengenezwa, ili meli ikichelewa nisivuke mwaka baharini. Kama nyumbani tayari kuna gari la kazi, naingia mitaani natafuta lile la mtu aliyechoka nalo, nalipa theluthi mbili ya fedha hiyo au chini yake, na theluthi iliyobaki naiacha benki kwa jina la paipu ya maji. Kabla ya kusaini naingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki kuona faini, nalinganisha namba ya chesisi na kadi, na tunakwenda pamoja TRA kubadilisha jina. Dalali atasema jina tutabadilisha wiki ijayo. Wiki hiyohiyo ijayo ndipo na mimi nitakapolipa.