Dalili Ndogo za Kuchechemea kwa Farasi Mchanga

Farasi mchanga akianza kufupisha hatua kidogo tu, kiasi kwamba mpandaji anahisi tofauti lakini anayetazama kando haoni kitu, ushauri wangu ni kumsimamisha kazi siku hiyo hiyo na kutompa dawa yoyote ya maumivu kabla daktari wa mifugo hajamwona. Dawa kama fenilibutazoni huondoa maumivu bila kuondoa kilichoyasababisha, na farasi wa miaka 2 au 3, ambaye mifupa yake haijamaliza kukua, ataendelea kuukanyagia mguu ulioumia kana kwamba ni mzima.

Ninafuga farasi karibu na Nairobi, ambako udongo mweusi huwa tope zito wakati wa masika kisha hukauka na kupasuka, ilhali njia za murram ni ngumu karibu mwaka mzima. Kwa hiyo farasi atazamwe kwenye ardhi laini na kwenye ngumu pia. Jike mmoja wa miaka 3 niliyemlea alikwenda vizuri kabisa kwenye nyasi, lakini kwenye murram, hasa akizungushwa kushoto, aliulinda mguu wa mbele wa kushoto. Saisi wake ndiye aliyeligundua jambo hilo kwanza, na ninasisitiza kwamba anayemsugua na kumwongoza farasi kila asubuhi asikilizwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwendo unaofichua zaidi ni troti, ule wa mapigo mawili ambamo mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto. Aongozwe kwa kamba iliyolegea, kichwa kiwe huru. Mguu wa mbele ukiuma, farasi huinua kichwa unapokanyaga huo mbovu na kukishusha unapokanyaga ule mzima. Wengi huelewa kinyume, wakaishia kuukanda mguu usio na tatizo. Kwa miguu ya nyuma, simama nyuma yake ulinganishe nyonga, kwani ya upande unaouma kwa kawaida hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Mrekodi kwa simu, kisha uitazame video polepole, mara nyingi.

Ndipo mikono ifanye kazi yake, ikianzia kwenye kwato: joto, jiwe lililokwama, mshipa unaopiga kwa nguvu nyuma ya kifundo. Kwa yule jike kwato zilikuwa salama, ila upande wa ndani wa mguu, chini ya goti, palikuwa na uvimbe mdogo wenye joto, mahali ambapo kano huushikisha mfupa mwembamba wa pembeni kwenye mfupa mkuu. Kano hiyo huumia kirahisi kwa farasi wachanga, hasa kazi ikiongezwa haraka au wakizungushwa mno katika duara dogo. Picha ya eksirei ilithibitisha kwamba mfupa mwembamba haukuvunjika, kwa hiyo tiba ikawa maji baridi na mapumziko ya wiki kadhaa.

Si kila kuchechemea hutoka mguuni. Kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu meno ya utotoni hung'oka, lijamu ikaanza kuuma, na mgongo unaokua huliacha tandiko lililokuwa likimkaa vyema. Akichechemea anapopandwa tu, anza na mdomo na mgongo. Lakini kiungo cha mguu wa nyuma kikijaa maji, hata bila joto, usikidharau: huenda gegedu haikugeuka kuwa mfupa ipasavyo, na hilo halijulikani bila picha.

Kumrudisha kazini nakutaka kuwe kwa taratibu, baada ya joto kwisha, akibonyezwa asishtuke, na daktari awe amemwona akienda troti kwenye ardhi ngumu. Huanza kwa kutembea mistari iliyonyooka. Duara huja mwisho kabisa. Palipokuwa na uvimbe chini ya goti, kinundu kigumu kinaweza kubaki maisha yote, na kikiwa hakiumi wala hakigusi kano za nyuma ya mguu, hakimzuii kufanya kazi.