Bastola, risasi na jambia safarini: maswali ya wasomaji wa Mombasa

Msimu wa harusi na likizo ukikaribia, maswali ya safari huongezeka. Safari hii mengi yanahusu silaha za halali, au vitu vinavyofanana na silaha, kwa watu wanaopandia ndege Uwanja wa Moi. Nimeanza na lile lenye uzito zaidi.

Nina bastola yenye leseni. Naweza kwenda nayo Nairobi kwa ndege? (Mfanyabiashara, Nyali)

Waweza, ndugu yangu, lakini haikai kiunoni wala kwenye begi la mkononi. Husafirishwa pamoja na mizigo inayopakiwa chini ya ndege, na shirika la ndege liwe limekubali kabla. Kwa hivyo anza na simu kwa shirika lenyewe siku kadhaa kabla ya safari. Uliza kama wanabeba silaha za abiria, wanataka karatasi gani, na ufike saa ngapi. Shirika lina haki ya kukataa, na ni afadhali likukatalie ungali nyumbani.

Bastola itolewe risasi zote, pamoja na ile inayobaki ndani ya chemba baada ya magazini kuchomolewa. Watu huisahau hiyo. Fanya kazi hiyo nyumbani, mahali salama, si kwenye maegesho ya uwanja huku teksi zinapiga honi. Iweke kwenye sanduku gumu linalofungwa kwa kufuli, na ufunguo ubaki kwako. Risasi ziwe kwenye boksi lao, zimepangwa zisigongane. Cheti chako cha silaha kiwe mkononi, kikiwa hakijapitwa na muda.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi huumia. Mwongozo mwingi unaosomwa kwenye intaneti umeandikwa kwa viwanja vya Marekani, ambako abiria hutembea na sanduku lake mpaka kaunta ya shirika, ndipo akatangaza kwamba ana silaha. Kwetu Kenya mizigo hupitishwa kwenye mashine mapema, kabla hujaiona kaunta. Ukingoja kutangaza kaunta, picha ya bastola itakuwa imeshamfikia askari kabla ya maneno yako, na kuanzia hapo wewe ni mtu anayejieleza. Tangaza kwenye ukaguzi wa kwanza kabisa utakaokutana nao. Mwendee ofisa, umwambie kwa sauti ya chini: "Afande, nina silaha yenye leseni kwenye sanduku hili, haina risasi ndani, na shirika la ndege lina habari." Toa karatasi, si bastola. Sanduku usilifungue mpaka uambiwe, na ukiambiwa, muulize kama alifungue yeye au wewe. Polisi wa uwanja watakuelekeza kuanzia hapo.

Na kama unakwenda Nairobi kwa mkutano wa siku mbili tu, ushauri wangu ni kwamba bastola ibaki Mombasa. Uliza kituo chako cha polisi au muuzaji wa silaha mwenye leseni kama atakuhifadhia. Usidhani treni ya Miritini itakurahisishia mambo. Huko nako mabegi hunuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine.

Shemeji yangu anakuja kutoka Texas. Anataka kuleta bunduki yake ya kuwindia aende nayo Tsavo. Nimwambie nini? (Mama wa Mtwapa)

Mwambie aiache, dada. Uwindaji wa wanyamapori kwa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na marufuku hayo yapo mpaka leo. Tsavo ataingia na kamera.

Shida ni kwamba kwao jambo hili ni la kawaida. Sheria ya usalama wa ndege ya Marekani inamruhusu kusafiri na bunduki isiyo na risasi, ikiwa ndani ya sanduku gumu lililofungwa, baada ya kuitangaza kaunta. Atakubaliwa kule, apewe tiketi ya mzigo, ajione amemaliza. Lakini ruhusa ya kule ni ya kutokea kule tu. Kuingiza silaha Kenya kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayeshughulikia leseni hizo ni Bodi ya Leseni za Silaha. Akitua Mombasa na bunduki bila kibali, wewe uliyemwalika ndiye utakayepigiwa simu.

Kama nia yake hasa ni kuwinda, Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Basi apange na kampuni ya uwindaji ya huko, imshughulikie vibali vya Tanzania, na aruke moja kwa moja hadi Kilimanjaro au Dar es Salaam. Asipitie kwako na bunduki halafu ategemee kuvuka nayo Lunga Lunga kwa gari.

Nakwenda mashindano ya kulenga shabaha ng'ambo, nikibadilisha ndege nchi ya tatu. Kibali cha Kenya na cha ninakokwenda vinatosha? (Mlenga shabaha, Bamburi)

Huenda visitoshe. Ziko nchi zinazotaka kibali hata kwa silaha inayopita tu uwanjani mwao, ijapokuwa wewe hutoki nje wala sanduku huligusi. Basi hesabu ni ya nchi zote ambazo sanduku litagusa ardhi, na mashirika yote yatakayolibeba. Mashirika mawili kwenye tiketi moja yanaweza kuwa na masharti mawili tofauti. Mimi ningelipa zaidi nipate safari yenye kituo kimoja kuliko kuokoa pesa kwa vituo viwili.

Kuhusu risasi, kanuni za kimataifa za mizigo hatari zinaruhusu zisizozidi kilo 5 kwa abiria mmoja, uzito huo ukihesabiwa pamoja na boksi, za matumizi yake mwenyewe, kwa idhini ya shirika. Wachezaji wawili hawawezi kuunganisha fungu lao kwenye boksi moja la kilo 10. Risasi za kulipuka au za kuwasha moto haziruhusiwi, na baruti ya kujazia risasi haipandi ndege ya abiria kabisa. Andika namba ya bunduki kwenye kila fomu vile vile ilivyochongwa kwenye chuma. Herufi moja ikikosewa utakosa mashindano.

Babu alituachia jambia. Nataka kulipeleka Maskati, bwana harusi alivae. (Kijana wa Mji wa Kale)

Hongereni. Jambia lenyewe si tatizo: usiingie nalo ndani ya ndege, lifungwe vizuri ndani ya ala yake, lizungushiwe kitambaa kizito ili mkaguzi asijikate, na liwekwe kwenye mzigo wa kupakiwa. Liulizie shirika lako pia.

Kinachonitia wasiwasi ni mpini. Majambia ya zamani, hasa ya Yemen, yalipendwa yakiwa na mpini wa pembe ya kifaru, na mengine yalipambwa kwa pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imekatazwa tangu miaka ya 1970, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 ina adhabu nzito mno kwa mtu anayekutwa na nyara za wanyama hao bila kibali. Neno "urithi" halitakuokoa uwanjani. Kabla ya kukata tiketi, ujue mpini ni wa nini. Ukiwa wa mti au wa pembe ya ng'ombe, safari njema. Ukiwa na shaka, usilitoe nyumbani; kwanza pata ushauri wa wakili, kisha uende naye Huduma ya Wanyamapori. Bwana harusi anaweza kuazima jambia Maskati, na hakuna mgeni atakayeona tofauti.

Nimekuta risasi moja kwenye begi nililoazima kwa mjomba. Ni moja tu, ni kosa? (Mwanafunzi, Likoni)

Ni kosa kuwa na risasi bila cheti, hata iwe moja. Mjomba akiwa na leseni, yeye ndiye mwenye ruhusa, si wewe. Kama umeiona ukiwa nyumbani, mpigie sasa hivi aje aichukue. Kama umeiona ukiwa njiani kwenda uwanjani, usiitupe kwenye pipa wala usiitie mfukoni. Mwambie askari wa kwanza kabla begi halijaingia kwenye mashine.

Usione ni jambo la nadra. Mwaka 2023 wakaguzi wa Marekani walizuia bunduki na bastola 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na zaidi ya 9 katika kila 10 zilikuwa na risasi ndani. Wengi hujitetea kwamba wamesahau. Kwa hiyo begi la mtu mwenye silaha, liwe la kwake au la kuazima, lipindue juu ya kitanda, upekue mifuko yote mpaka kwenye bitana. Ganda tupu la risasi lililofanywa pambo la funguo nalo liache. Kwenye mashine linaonekana kama risasi.

Mwanangu wa miaka saba kanunuliwa bastola ya plastiki ya Idi. (Mama, Kisauni)

Mkononi itachukuliwa na mtoto atalia. Itie kwenye mzigo wa kupakiwa, na kama inafanana sana na ya kweli, iache kwa bibi.

Mimi ni baharia. Naweza kubeba fataki za kuombea msaada baharini? Na dawa ya pilipili ya kupuliza? (Port Reitz)

Fataki hizo hazipandi, si mkononi si chini, hata zikiwa mpya na zimefungwa kiwandani. Mwenye chombo azinunue bandarini unakokwenda, au azisafirishe kama shehena ya mizigo hatari. Dawa ya pilipili nayo imekatazwa pande zote mbili na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga. Mwachie mtu wa nyumbani kabla hujatoka.