Ukitaka kujengea wafanyakazi wa viwandani Kibaha, anza na mshahara wao

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: ana kiwanja Misugusugu, anaona viwanda vinaongezeka, anataka kujenga nyumba za kupangisha. Ananiuliza aanze na ramani gani. Nimemwambia ramani isubiri. Aende kwanza kwenye geti la kiwanda muda wa kubadilishana zamu, awaulize wanaotoka wanalala wapi na wanalipa kodi kiasi gani.

Mimi nilifanya hivyo. Nilikuta wengine wanatoka Mbezi, wengine Mlandizi, nauli inawamaliza kabla mwezi haujafika katikati. Vibarua wanalipwa kwa wiki, halafu mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu huyo hela hizo atazitoa wapi? Nikajenga vyumba vya kawaida, choo na bafu ndani, nikapokea kodi mwezi kwa mwezi. Shemeji yangu alinisema mbele ya watu kwamba najengea vibarua wakati wenzangu wanajengea mameneja. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo yananiuma. Lakini vyumba vyangu havikai wazi. Kwa hao waliojengea mameneja, vibao vya "inapangishwa" vimepauka kwa jua.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyenigusia ni usingizi wa mchana. Aliyekesha kiwandani anafika chumbani saa moja asubuhi, na ikifika saa nne bati limeshashika moto. Niliinua kuta kozi mbili zaidi, yaani mistari miwili ya tofali, nikaweka silingi bodi vyumba vyote na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Fundi akalalamika kuwa natupa hela. Kijana mmoja wa kiwanda cha nondo alipohamia akaniambia kwamba tangu aje Pwani hajawahi kulala mchana hadi saa tisa, isipokuwa hapo kwangu. Nilijisikia fahari, kwa kweli. Kila mlango uwe na mita yake ya umeme pia, maana LUKU ya kuchangia inagombanisha watu wazima. Na simtanki la akiba usilikose.

Kibali cha ujenzi kilinitesa. Ofisi moja ilinizungusha na njoo kesho mpaka nikachoka kusalimia mapokezi. Kwa hiyo nunua kiwanja kilichopimwa. Narudia: kilichopimwa, na mchoro wa mipango miji umeuona kwa macho yako, siyo kwa maneno ya dalali.

Sasa niseme na madiwani na maofisa mipango miji wetu. Mnapotenga ekari za viwanda, kama kule Zegereni, tengeni na za makazi siku hiyo hiyo, kwenye mchoro huo huo: viwanja vidogo, njia ya daladala, zahanati, shule. Mkichelewa, watu watajenga wanavyojua, halafu mtarudi na urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, mkitafuta barabara katikati ya kuta za watu. Kibaha hii hii tunao mfano. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, na watumishi wakapata nyumba karibu na kazi. Waliotangulia waliweza na vifaa vichache.

Muda ni mfupi. Treni ya SGR inasafirisha abiria tangu 2024 na ina kituo Soga, huku huku Kibaha. Kwala, nako ni Kibaha, kuna bandari kavu ya kupokelea makontena. Madalali wameshafika huko kabla ya wapima ardhi. Wafanyakazi wanaobeba viwanda hivi wanastahili kulala karibu na kazi zao kwa kodi wanayoiweza, na hilo halmashauri ilipange sasa, kabla bei haijawakimbia. Diwani atakayesimama kwenye baraza na kulidai, nitamfanyia kampeni nyumba kwa nyumba, chama chake sitakiuliza.