Ukiumia Wakati wa Matengenezo Makubwa ya Mtambo, Usisaini Haraka

Nimepokea ujumbe wa kijana mmoja, fundi wa mabomba, aliyeungua mikono na kifua wakati mtambo ulipokuwa umezimwa kwa matengenezo makubwa. Mkandarasi aliyemwajiri amemfuata hospitalini na hati inayosema kwamba atalipwa kiasi fulani cha fedha na hatadai chochote tena kwa mtu yeyote. Nimemjibu asisaini kabla ya kuonana na wakili. Hata hivyo nimeona nilieleze jambo hili kwa mapana, kwa sababu hati ya namna hiyo niliwahi kuletewa mimi mwenyewe, nikiwa bado nimefungwa bendeji.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo, iliyopewa kazi na mkandarasi mkuu, ambaye naye alikuwa amepewa kazi na mwenye kiwanda. Kibali cha kazi tulichokabidhiwa, yaani karatasi inayoruhusu kazi kuanza na kuthibitisha kwamba mahali ni salama, kilieleza kwamba bomba lilikuwa limetengwa na sehemu nyingine za mtambo, limetolewa shinikizo na kumwagwa maji yote. Nilipolegeza bolti za mwisho za flenji, yaani kiungo kinachounganisha vipande viwili vya bomba, mvuke na maji ya moto vilinirukia, kwa kuwa vali iliyotutenga na upande wenye mvuke ilikuwa ikiupitisha ndani kwa ndani ingawa ilikuwa imefungwa na kutiwa kufuli. Kila fundi mzoefu anajua kwamba kufuli huzuia mkono wa mtu kuifungua vali, lakini haliwezi kuzuia vali iliyochakaa kuvuja, na ndiyo maana kazi kama ile hutakiwa kuwekewa bamba la kuziba katikati ya flenji. Halikuwekwa. Pamoja na hayo ripoti ya kwanza iliandika kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa fundi, na sentensi ile inaniuma hadi leo kuliko makovu.

Kilichonisaidia ni mwenzangu mmoja aliyeihifadhi nakala ya kibali iliyokuwa imebandikwa mahali pa kazi, na aliyeandika namba ya vali ile pamoja na majina ya waliokuwepo. Muda mfupi baadaye vali ilibadilishwa, jukwaa la muda la kufanyia kazi likabomolewa, mtambo ukawashwa, na mafundi wa makampuni mbalimbali wakatawanyika kila mmoja kwenye kazi nyingine. Hapo ndipo ajali za kipindi cha matengenezo makubwa zinapotofautiana na nyingine: mahali pa tukio hufutika kwa haraka, tena kihalali kabisa, kwa sababu kila siku ambayo mtambo umezimwa ni hasara kwa mwenye kiwanda. Mlolongo wa barua na vikao uliofuata sitausimulia. Ilitosha kwamba nakala ile ya kibali ilionyesha ni nani aliyetia saini kuthibitisha kutengwa kwa bomba, naye hakuwa mwajiri wangu. Mwenye kiwanda alilipa, na maneno ya uzembe yakaondolewa katika ripoti. Ninajivunia malipo yale, na ninajivunia zaidi kuondolewa kwa maneno yale.

Mfanyakazi aliyeumia aelewe kwamba mara nyingi ana njia mbili. Ya kwanza ni fidia ya ajali kazini, mfumo ambao Ujerumani iliuweka katika sheria mwaka 1884 na ambao nchi nyingi zinao kwa sura mbalimbali. Hapa hutakiwi kuthibitisha kosa la mtu, bali unalipwa matibabu, sehemu ya mshahara na kiasi cha ulemavu. Na mahali pengi, kwa kupokea hayo, unafungiwa mlango wa kumshtaki mwajiri wako. Njia ya pili ni kumdai mtu mwingine ambaye uzembe wake umekuumiza: mwenye kiwanda, mkandarasi wa majukwaa, au mtengenezaji wa kifaa. Zipo nchi ambazo kinga ya mwajiri humfikia hata mwenye kiwanda aliyemwajiri mkandarasi wako, na hilo wakili wa mahali hapo ndiye wa kulijibu. Mwulize pia kama mfuko wa fidia utadai kurudishiwa fedha zake ukishinda, maana hesabu ya unachopewa hubadilika.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya ajali ndogo pekee. Tarehe 23 Machi 2005 huko Texas City, Marekani, sehemu ya kiwanda cha kusafisha mafuta ililipuka ilipokuwa ikiwashwa baada ya matengenezo, na watu 15 waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi waliokuwa ndani au karibu na ofisi za muda. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, kwa sababu taarifa ya kibali haikuwafikia. Walikufa watu 167. Karatasi ya kibali ina uzito huo, nawe una haki ya kuisoma kabla ya kushika spana.

Una haki pia ya kujiondoa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyeondoka mahali ambapo ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake asiadhibiwe isivyo haki. Ukiona vali moja tu baina yako na mvuke, uliza bamba liko wapi, na ukikosa jibu, shuka. Msimamizi anayekuharakisha hatalala nawe wodini.

Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi siku ileile, mweleze daktari kwamba umeumia kazini, omba nakala ya kibali, na mwombe wakili awaandikie wenye kiwanda waihifadhi vali au kifaa kilichohusika. Usikubali hesabu ya mwisho kabla daktari hajasema hali yako imetulia, kwani kovu la kiungo laweza kukaza na kuhitaji upasuaji mwingine baadaye. Angalia na muda: taarifa kwa mwajiri mara nyingi huhesabiwa kwa siku au majuma, na shauri la mahakamani kwa miaka michache tu, na kwa kawaida mazungumzo ya upole na watu wa bima hayausimamishi muda huo.