Kabla hujaachia ngoma mtandaoni, sikiza haya

Kwa nyinyi mnaoanza muziki hapa Mombasa, wa Likoni mpaka Mtwapa, haya nimeyaokota kwa kukaa studio na wasanii. Zamani mwimbaji wa taarab alikuwa lazima apitie kwa watu kama Mbwana Radio Service, lile duka la kanda la hapa Mombasa, arikodiwe, kanda zitolewe, shabiki aje anunue dukani, na asiyekubaliwa pale sauti yake inaishia kwa maharusi tu. Saa hii unarikodi usiku, unaituma kwa wasambazaji kama DistroKid au TuneCore, siku kadhaa ngoma iko Spotify na Boomplay, na mtu wa Muscat anaisikiza sawa na wa Kongowea. Ni neema kubwa wallahi.

Sasa pesa. Mtandao haukujui sura, unajua ulichojaza kwenye fomu. Nimeona kijana jina lake YouTube lina nafasi katikati, Boomplay limeshikana, Skiza, ile miito ya Safaricom anayosikia anayekupigia simu, kaweka la kitambulisho, mashabiki wanamtafuta wanampata nusu nusu, wengine wanaangukia kwa msanii mwengine kabisa. Chagua tahajia moja ung'ang'ane nayo. Na ISRC, ile namba ya kila rikodi, iandike mahali, ukihama msambazaji hama nayo, usichukue mpya kwa wimbo ule ule manake hesabu yako inaweza kuanza sufuri.

Halafu makubaliano, hapa ndipo watu hulia. Mkimaliza kurikodi, kabla mtu hajatoka studio, andikeni nani katunga maneno, nani kapiga biti, nani kaitikia, kila mmoja asilimia ngapi, tieni sahihi mpige picha. Msiseme sisi ni mabeste, wimbo ukishika ndio urafiki hupimwa! Na biti ya kushusha bure YouTube ogopa, mwenyewe akiwa kaisajili Content ID, ule mtambo wa YouTube wa kutambua sauti, itaishika na pesa za matangazo zitaenda kwake, wewe umeimba bure.

Skiza msiidharau, watu wetu wengi hawana kadi ya kulipia Spotify lakini kredit ya simu hawakosi. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa 2022, msanii asipate chini ya asilimia 52 ya pesa za miito hiyo. Kwa hivyo wakala akikuletea karatasi muulize kwanza yake anaikata wapi, na kama hataki kuandika usitie sahihi.

Mjue pia Spotify tangu 2024 wimbo usiofika kusikizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Ndio maana nawaambia bora ngoma moja uisukume vizuri kuliko kumwaga tano kwa mwezi. Yule shabiki aliyekomenti mjibu, muombe namba ya WhatsApp, muweke kwa orodha yako mwenyewe manake akaunti hufungwa, na ngoma mpya ikitoka mtumie yeye kabla hujampelekea dijei yeyote.