Maswali ya Wasomaji: Tawi la GFS lisife kila Januari

SWALI: Sisi ni akina mama watatu wa kanisa la Kianglikana, Kayole. Tunataka kuanzisha tawi la Girls' Friendly Society, yaani GFS, chama cha wasichana cha kanisa letu. Chama hiki kilieneaje duniani, na tufanyeje letu lisife upesi?

JIBU: Mama, kilienea kwa barua. Mary Elizabeth Townsend alikianzisha Uingereza mwaka 1875, wakati mabinti wengi wa mashambani walikuwa wakienda mjini kufanya kazi za nyumbani. Binti akihama, mama mlezi wake alimwandikia mlezi wa parokia aendako ili ampokee. Waliovuka bahari walikabidhiwa vivyo hivyo. Kufikia 1877 GFS ilikuwa imefika Ireland, na pia Lowell, Massachusetts, mji wa Marekani wenye viwanda vya nguo vilivyojaa wasichana.

Hapa Nairobi msianze na sare. (Fulana hununuliwa haraka kuliko wasichana wanavyojulikana.) Mwoneni kasisi, apeleke jambo hilo kwenye baraza la kanisa, kisha mfungue daftari: jina, umri, simu ya mzazi, shule au kazi, mlezi. Mlezi mmoja asipewe zaidi ya wasichana 8, na msichana asikae faraghani na mtu mzima mmoja.

Mkikutana Jumamosi mtawakosa wasichana wa kazi, maana ofu yao kwa kawaida ni Jumapili. Saa nane hadi saa kumi alasiri panafaa. Wa Embakasi atafika kwa mwajiri kabla ya giza.

Matawi mengi hufia Januari, wasichana wa Gredi ya 10 wanapoenda bweni. Wiki moja kabla, mwandikieni mlezi wa kikundi cha Kikristo shuleni: "Tunamleta kwenu binti yetu fulani. Amekuwa nasi tangu mwaka jana, anaimba sauti ya pili. Tafadhali mpokeeni." Matatizo ya kwao yasiandikwe, na binti mwenyewe aisome barua kabla ya kufungwa. Baada ya wiki mbili pigeni simu, kwa kuwa barua bila simu huishia kwenye droo. Daftarini andikeni "yuko bweni", msimfute. Mikutano mikubwa iwe wakati wa likizo za shule: Aprili, Agosti na Desemba. Aliyepata kazi Mombasa au Eldoret, kasisi wa huko aandikiwe pia.

Pesa zipitie akaunti ya kanisa. M-Pesa ya mama mmoja huleta ugomvi hata akiwa mwaminifu. Mkitaka akaunti yenu, jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayodai wanachama wasiopungua 10.

SWALI: Msichana aliyezaa kabla ya ndoa anaruhusiwa?

JIBU: Kanuni ya mwanzo ya GFS ilimzuia, ikazua ubishi mkali, na hatimaye ikaachwa. Mpokeeni, na mtafuteni mtu wa kumshikia mtoto saa za mkutano. Akikosa msaada huo, hatarudi.