Ugonjwa Gani Unampa Mfanyakazi Haki ya Likizo?

Katika miaka niliyokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam, wenzangu walikuwa wakiniuliza mara kwa mara kama ugonjwa fulani "umo" kwenye sheria. Huyu aliulizia vidonda vya tumbo, yule selimundu, na wengine, kwa sauti ya chini, sonona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina orodha ya magonjwa. Kinachotazamwa ni kama daktari amethibitisha kwamba kwa kipindi hicho mfanyakazi hawezi kufanya kazi yake. Kwa hiyo malaria ya siku chache, saratani na sonona vyote hupimwa kwa kigezo kimoja.

Tofauti huonekana kwenye muda. Mfanyakazi ana haki ya siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Wengi husikia hizo 126 wakadhani ni za kila mwaka, kumbe ni za miaka mitatu. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hajafikia haki hii, ingawa wafanyakazi wa msimu na wanaoajiriwa mara kwa mara na mwajiri yuleyule wamewekewa masharti yao.

Kwa ugonjwa unaopita, siku hizo zinatosha. Kwa ugonjwa wa kudumu, hesabu inapaswa kufanywa mapema. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, ikiwa kila safari ya hospitali itaandikwa kuwa siku nzima ya likizo, atamaliza siku za mshahara kamili baada ya wiki 21 na siku zote 126 baada ya wiki 42, yaani kabla mwaka mmoja haujaisha, huku mzunguko wake ukiwa umebakiza zaidi ya miaka miwili. Mtu wa namna hiyo nilimshauri aombe kwa maandishi, akiambatisha barua ya kliniki yenye ratiba, apangiwe zamu isiyogongana na matibabu au ahesabiwe saa badala ya siku. Mwenye selimundu naye hutumia siku zake vipandevipande kadiri maumivu yanavyomjia, hivyo anahitaji kutunza daftari lake mwenyewe, kwa kuwa hesabu ya ofisini si lazima iwe sahihi. Kifua kikuu ni afadhali kidogo: matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, lakini wagonjwa wengi hurudi kazini mapema wakiendelea na dawa, mara daktari anaporidhika kwamba hawaambukizi tena.

Yote haya yanasimama juu ya cheti cha daktari, ile karatasi ambayo wengi tunaiita ED. Bila cheti, mwajiri halazimiki kulipa hata kama kila mtu alikuona umelala hoi. Kinapaswa kutoka kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hapaswi kumkataa tabibu huyo bila sababu ya msingi. Hakikisha kina tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, kisha baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi ya ofisi. Huna haja ya kumweleza msimamizi wa zamu ugonjwa wako kwa kinaga ubaga. Hali ya maambukizi ya VVU, hasa, inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na sheria ya ajira inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu yake.

Nimeona pia maofisa wakimwambia mgonjwa atumie kwanza likizo yake ya mwaka. Hilo haliruhusiwi: siku 28 za likizo ya mwaka haziwezi kuwekwa badala ya likizo nyingine ambayo mfanyakazi anastahili, hata akiwa ameridhia.

Upande wa familia, sheria yetu ni bahili. Siku nne za malipo katika mzunguko huohuo wa miezi 36 hutolewa kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Isome vizuri: mtoto akiugua yumo, lakini mume, mke au mzazi akiugua hayumo, na siku hizo nne ni za matukio yote kwa pamoja. Kwa nchi ambayo mama akilazwa mtoto wake ndiye anayelala naye wodini, naona hili ni pengo kubwa. Anayeuguza mzazi hubaki na likizo ya mwaka, siku zisizo na malipo atakazokubaliana na mwajiri, au mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ikiwa chama kilijadili kipengele hicho. Baba aliyepata mtoto ana siku tatu, ambazo lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa.

Uzazi una mlango wake: siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na taarifa kwa mwajiri itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda kwa mama wa mtoto njiti.

Ugonjwa au jeraha lililosababishwa na kazi lipeleke kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na umpe mwajiri taarifa kwa maandishi mara moja. Siku 126 zikiisha kabla hujapona, ajira haifi yenyewe. Mwajiri anatakiwa kwanza kuzungumza nawe, kupima ukubwa na muda wa tatizo na kutafuta kama ipo kazi nyepesi unayoiweza. Akikuachisha bila hayo, fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa malipo ya likizo uliyonyimwa, muda ni siku 60.